Habari gani, akasema, sufuria mkononi

Hii stori nimekaa nayo zaidi ya miaka miwili, kila nikianza kuiandika naishia kufuta. Leo mtoto kalala mapema, baba yake yuko barabarani na lori huko Texas, nyumba nzima inanukia mtori, basi ngoja niandike kabla sijabadili mawazo.

Desemba 2022 nilijifungua hapa Montgomery, Alabama. Mtoto wa kwanza, kwa operesheni. Mi ni wa Moshi, na wenzangu wa huko mnajua mzazi kwetu anavyowekwa, yani huinuki kitandani kufagia, hushiki maji ya baridi, kazi yako ni kunyonyesha na kula. Mtori asubuhi, mtori mchana, supu ya mfupa jioni, na mama mkwe anakuangalia bakuli mpaka chini. Mama yangu alianza kujiandaa toka mwezi wa saba, alishanunua hadi pilipili manga ya kuja nayo, lakini karatasi hazikukamilika kwa wakati na mtoto hakusubiri karatasi. Mume wangu alikaa na mimi siku tano, akarudi kwenye lori kwa sababu kodi ya nyumba nayo haisubiri. Simlaumu. Alilia mlangoni.

Kwaiyo nikabaki mwenyewe na mtoto wa siku sita na kidonda tumboni. Nilikuwa nakula mkate na chai. Tambi zile za paketi. Dada yangu akipiga video nageuza simu asione sinki.

Siku ya saba mlango ukagongwa. Nikachungulia, ni yule mama mzee wa mlango wa pili, ambaye kwa miezi minane tulikuwa tunapungiana mkono tu, yeye kwenye kibaraza chake na mi natoa takataka. Na hapa niseme ukweli ambao unaniuma. Sikuwahi kwenda kumsalimia kwa sababu nilishaambiwa nisizoeane nao. Wabongo wenzangu tulipofikia kwanza walituambia kabisa, hawa Wamarekani weusi muwe nao mbali, hawatupendi, wavivu, wana hasira, nyie fanyeni kazi yenu. Na mi nikabeba maneno hayo kama mzigo wa mtu niliyetumwa kuufikisha, sikuufungua hata nione ndani kuna nini. Mtu mweusi mwenzangu, umri wa mama yangu na zaidi, anaishi hatua kumi na mbili kutoka kwangu, nami nampita kama nguzo ya umeme.

Nikafungua. Kashika sufuria kwa taulo mbili, kofia ya sufi kichwani, akanitazama usoni akasema, "Habari gani."

Kwa Kiswahili. Kwa lafudhi yake ya Alabama, ile r imelala kabisa, lakini ni habari gani yenyewe. Nilikuwa sijasikia mtu akinisalimia hivyo uso kwa uso toka mume wangu aondoke na nilivyo kidonda na usingizi sina, nikaanza kulia pale pale mlangoni, nashindwa hata kusema nzuri. Akapita pembeni yangu akaenda jikoni moja kwa moja kama ameingia kwake.

Baadaye ndio akanieleza. Aliniona nimerudi na kapu la mtoto, akamwona mume wangu anaondoka, alafu siku mbili hajaona mtu anaingia. Hicho tu. Na salamu ameitoa kwenye Kwanzaa, ile sikukuu ya Wamarekani weusi iliyoanzishwa 1966, wanaisherehekea kuanzia tarehe 26 Desemba mpaka mosi Januari, na maneno yake yote ni ya kwetu, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani, kila siku na neno lake, ukiulizwa habari gani unajibu neno la siku hiyo. Wanae walivyokuwa wadogo walikuwa wanaifanya kila mwaka. Miaka yote hiyo alidhani ni salamu ya sikukuu tu. Nilipomwambia kwetu unasalimiwa hivyo na muuza nyanya na kondakta wa daladala, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akaweka mkono kifuani.

Watu wote mtaani wanamwita Miss na jina lake la kwanza, hata wazee wenzake. Mi nikamwambia kwetu mtu wa heshima yako anaitwa Bibi. Akasema basi niite hivyo. Yeye ananiita beibi. Saivi hata kanisani kwao kuna watoto wanamwita Bibi.

Ndani ya sufuria kulikuwa na yale majani wanayoita collards, we ukiyaona utasema sukuma wiki, na hujakosea sana, ni ukoo mmoja. Ila hawayakaangi fasta na nyanya kama sisi. Yanachemka masaa mawili na zaidi, na kipande cha nyama iliyokaushwa kwa moshi, Bibi anatumia shingo ya bata mzinga kwa sababu nguruwe daktari alishamkataza. Ikiiva ile supu inayobaki, kijani nzito yenye chumvi na moshi, wanaiita potlikker, na hiyo ndiyo alinimiminia kwanza, kwenye kikombe cha chai. Akasema mama yake alikuwa anawapa wazazi, anawapa na watoto wanaoanza kula, ya kurudisha damu. Nikanywa. Jamani. Ladha si ya mtori hata kidogo lakini mwili ulijua, ulijua kabisa kwamba hiki ni kile kitu, ni supu ya mzazi. Alafu akakata mkate wa mahindi, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na koti lake hajavua. "Kula. Nasubiri."

Akasubiri kweli. Hakuangalia simu, hakuleta maneno mengi. Nilipomaliza akachukua mtoto ili nilale.

Siku ya tisa kichwa kikaanza kuniuma, miguu imejaa, na macho yananichezea, naona vinyota. Nilienda hospitali nikapimwa haraka haraka, nikaambiwa ni uchovu wa mzazi, ninywe maji nipumzike. Nikarudi nyumbani nikaamini, nani hajachoka akiwa na mtoto wa siku tisa. Bibi alipoleta chakula jioni hakuniuliza mtoto kalalaje. Aliangalia miguu yangu. Akabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akatoka akarudi na mashine yake ya presha, maana yeye ana presha miaka mingi, akanifunga mkononi. 172 kwa 110.

"Vaa viatu."

Presha ya mzazi ikifika 160 juu au 110 chini ni dharura, sikulijua hilo. Tena nilidhani kifafa cha mimba ni cha mwenye mimba, ukishajifungua umepona. Kumbe inaweza kuja hata baada ya kujifungua, mpaka wiki sita. Wadada mnaosoma hapa mshike hilo, kichwa kinachouma hakiachi, kuona nyota, kuvimba, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, usikubali kurudishwa nyumbani bila presha kupimwa vizuri. Bibi aliendesha gari mwenyewe usiku, miaka 78, akafika mapokezi akasema namba zangu kwa sauti ya juu kama mtu anasoma tangazo, akakataa kukaa mpaka nimelazwa. Wakanitundikia magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa. Nililala humo siku tatu na yeye ndiye aliyekuwa na mtoto.

Nilipopona ndio nikaanza kusoma. Takwimu za serikali yao wenyewe, CDC, kwa mwaka 2021 ni vifo vya uzazi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake weusi, na 26.6 kwa weupe. Mwaka 2023 weupe walishuka mpaka 14.5, sisi tulikuwa 50.3. Nchi ile ile. Na kamati zinazopitia vifo hivi faili kwa faili zinasema zaidi ya asilimia 80 vingezuilika. Daktari anapoangalia kitanda hajui kwamba mi ni Mchaga wa Moshi na yule ni wa Alabama toka enzi za mababu, anaona mwanamke mweusi analalamika kichwa. Mzigo wa maneno niliobebeshwa na Wabongo wenzangu ndio nikaufungua pale. Ndani hamna kitu.

Nikarudi nyumbani na kukawa na zamu. Hakuna aliyeniuliza nahitaji nini, na nashukuru hawakuniuliza maana ningesema niko sawa, ndivyo tulivyofundishwa wote, huku na huko. Walikuja tu. Kina mama watano wa kanisani kwa Bibi, Jumatatu huyu, Jumanne yule, sahani za foili, kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini yenye ukoko juu, viazi vitamu, bamia na nyanya. Mmoja alikuwa haongei, anaosha vyombo anaondoka. Mmoja, kijana kuliko wote, ndiye aliyenisuka. Nywele zangu zilikuwa zimesokotana toka labour, nimekaa chini katikati ya magoti yake na sahani ya wali mapajani, yeye anachana taratibu kutoka kwenye ncha, na pale ndipo akanisimulia mdogo wake. Mtoto wa pili, akasema kichwa kinauma, akaambiwa akalale. Alisimulia huku anasuka, mkono haukusimama. Mi nikaacha kula, akanigusa bega akasema endelea kula.

Tarehe mosi Januari Bibi akaniletea kunde na wali. Kunde! Zile zenye jicho jeusi. Huku Kusini mwaka mpya hauanzi bila kunde, ni za bahati, na majani ya kijani ni ya pesa. Usiku wa kuamkia walikuwa kanisani, mkesha wanaoukumbuka toka 31 Desemba 1862, watu weusi walipokesha wakisubiri tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha watumwa huru lianze kazi asubuhi yake. Kunde zilivuka bahari na watumwa kutoka Afrika, bamia pia, na hata neno gumbo, ule mchuzi wa Louisiana, linasemwa limetoka kwa Wabantu wa Angola waliokuwa wanaiita bamia kingombo. Tulikaa mezani tukaanza kutajiana majina, yeye anashika bamia mi nasema bamia, anashika kunde nasema kunde. Viazi vitamu wao huwa wanaviita kwa jina la viazi vikuu, kwa sababu wa kwanza walioletwa hawakukuta viazi vikuu vya kwao, wakachukua kilichofanana wakakipa jina la nyumbani. Hilo lilinikaa sana. Mi pia nachemsha ndizi za dukani na kuziita mshare, ndizi zetu za Uchagani.

Siku hiyo ndio akanisimulia Georgia Gilmore, na tokea hapo siwezi kupita mtaa wa Dericote bila kupunguza mwendo.

Georgia Gilmore alikuwa mpishi wa hapa hapa Montgomery, mkunga pia, mama wa watoto sita. Oktoba 1955 alipanda basi, akalipa nauli, dereva mzungu akamwambia ashuke akapandie mlango wa nyuma. Akashuka, kabla hajafika nyuma basi likaondoka na hela yake. Akaapa hapandi tena, yani yeye aligoma kabla mji haujagoma. Desemba mosi Rosa Parks akakamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, weusi wakagoma kupanda mabasi kuanzia tarehe 5, mgomo ukaenda siku 381. Sasa mgomo wa siku 381 unataka hela, magari ya kubeba watu yanataka mafuta, bima, matairi. Gilmore akakusanya wanawake, wapishi na wafanyakazi wa ndani wengi wao, wakawa wanapika keki na pai za viazi vitamu na kuku na kuuza, kwenye saluni, madobini, mlango kwa mlango, mpaka kwa wazungu ambao hawakujua wananunua mafuta ya magari ya mgomo. Jina la kikundi, Club from Nowhere, kikundi kisichotoka popote. Ilikuwa makusudi. Kwenye mkutano Gilmore anasimama anakabidhi hela, zimetoka wapi, hazijatoka popote, hivyo hakuna mwanamke anayetajwa akafukuzwa kazi. Sisi tuliokulia kwenye vikoba na michango ya misiba tunakielewa hiki kikundi bila kuelezwa.

Yeye mwenyewe alifukuzwa. Mwaka 1956 alitoa ushahidi kwenye kesi ya Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza mgomo, akasimulia basi lile, na mgahawa aliokuwa anapika ukamwondoa. King akamtia moyo apikie nyumbani kwake na akamsaidia mtaji. Meza yake ikawa ndio ofisi, watu wa harakati wanakula hapo, vikao vya siri vinafanyika hapo, na wazungu nao wanakuja kula. Baadaye polisi walimpiga mwanae kwa kukatiza kwenye bustani ya wazungu, akaishtaki Montgomery, na kesi ya Gilmore na bustani za mji ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974.

Bibi alikuwa na miaka kumi na moja mgomo ulipoanza. Mama yake alikuwa anafanya kazi za ndani upande wa pili wa mji, anatembea kwenda, anatembea kurudi. Anachokumbuka yeye ni miguu ya mama yake kwenye beseni la maji ya chumvi, na kipande cha pai kimefungwa kwenye karatasi, wamegawana wanne. Nilimuuliza mama alikuwa kwenye kikundi? Akasema mama hakuwahi kusema, mpaka anakufa. Alafu akatabasamu.

Gilmore alifariki Machi 1990, ikiadhimishwa miaka 25 ya yale maandamano ya weusi ya kudai haki ya kupiga kura, kutoka Selma kuja Montgomery. Alikuwa anawapikia waliokuja kuadhimisha. Kuku alishampika, makaroni yako tayari. Familia ikawapakulia waliokuja kwenye msiba chakula kile kile alichokipika mwenyewe. Nimewaza hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza.

Aprili iliyofuata kina mama wakanichukua kunionyesha sanamu. Montgomery ndio mji ambao kati ya 1845 na 1849 daktari J. Marion Sims aliwafanyia majaribio ya upasuaji wanawake watumwa wenye fistula, tundu la uzazi linalovujisha mkojo, bila dawa ya ganzi. Majina matatu yamebaki, Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alikuwa binti mdogo aliyeshikwa na uchungu siku tatu, akakatwa na kushonwa mara 30 hivi mpaka kupona. Madaktari wenzake Sims walipochoka wakamwacha, wale wanawake ndio wakawa wasaidizi wake, wanashikana wao kwa wao kisu kinapopita, wanauguzana. Sims kaandika sana habari za nyuzi zake za kushonea, za madini ya fedha. Wao hawakuachiwa hata ukurasa. Sanamu yake yeye ipo kwenye viwanja vya bunge la Alabama. Sanamu zao ni kubwa, za vipande vya chuma vilivyotupwa, zimeunganishwa na msanii Michelle Browder, zikazinduliwa 2021.

Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa kitenge, nikamkumbuka mama mmoja wa kwetu niliyemjua utotoni. Alikuwa na hiyo hiyo fistula, tuliambiwa tu anavuja. Kwenye misiba alikuwa anawekewa sahani yake peke yake, mbali, chini ya mgomba. Hakuna aliyekuwa mkatili kwake, watu walimsalimia vizuri. Ila hakuna aliyekaa naye akala. Na hospitali ya kumtibu ilikuwepo Moshi ile ile. Niliwasimulia kina mama, kimya kikapita, alafu yule asiyeongea akafungua boksi la barafu akatoa kuku, tukala pale pale miguuni kwa Anarcha, na sahani moja akaiweka pale chini kwenye chuma.

Kuna kitu kimoja nilichelewa kukiona. Wiki tatu zile sikuwahi kumwona Bibi amekaa akala. Siku ile ya kwanza alikaa, lakini kunitazama mi nikila. Yeye anakula amesimama kwenye sinki, anaonja, anamalizia kilichobaki kwenye sufuria. Mama yangu ni hivyo hivyo, hula mwisho, ukoko, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Bibi ana sukari, ana presha, magoti yameisha, na kwenye simu yake kuna orodha ya watu wa kupelekewa chakula wiki hii. Wale watano wote wanameza vidonge. Nilimuuliza, Bibi, we nani anakupikia? Alicheka kidogo akabadilisha mada.

Wiki iliyopita wamemfanyia operesheni ya goti. Nilipata ndizi mbichi kwenye duka la Wamexico, si mshare lakini ni ngumu vizuri, na nyama ya mfupa. Nikachemsha toka alfajiri, kitunguu, chumvi kidogo sana kwa ajili ya presha yake, nikaponda kwa mwiko mpaka ikalainika, nikamwaga kwenye sufuria ile ile aliyokuja nayo siku ya kwanza. Ile sufuria haijawahi kutulia kwenye nyumba moja, huwa hairudi tupu, kwetu ni mwiko kurudisha chombo kitupu na kumbe kwa mama yake pia.

Nikagonga. Mtoto akasema habari gani kabla yangu. Bibi akataka kuinuka akatafute vijiko, nikamwambia kaa. Akasema beibi ngoja nitoe sahani. Nikamwambia Bibi, kaa, ule, nasubiri. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake na koti langu sijavua.

Alikula taratibu. Katikati akasimama na kijiko hewani akauliza, hizi ni ndizi kweli? Nikamwambia ndizi kweli. Akaendelea. Mtoto kalala kwenye goti lake zima. Alipomaliza nikanyoosha mkono nichukue sufuria nikaioshe, akaishika.

"Iache hapa," akasema.

Bado iko kwake.